Beji ya dhahabu ukutani: jinsi ya kuichagua na kuipatanisha na vilivyomo chumbani

Rangi hii ina majina mengi. Kwenye kadi za rangi utaikuta ikiitwa mchanga, asali, ngano au jua la jioni, na fundi wako pengine ataiita krimu tu na kuendelea kukoroga ndoo. Mimi naiita beji ya dhahabu: rangi ya mchanga mkavu yenye manjano kidogo ndani yake, inayokifanya chumba kionekane kama jua limeingia hata siku ya mawingu. Watu huikimbilia kwa sababu wanaiona haina hatari. Kumbe inawaponza wengi kuliko nyekundu. Anayepaka nyekundu anajua anacheza na moto, kwa hiyo anapima. Anayepaka beji anaamini hawezi kukosea, kwa hiyo hapimi.

Na mimi niliponzwa. Sebule yangu ya kwanza niliichagulia rangi kwenye kikaratasi kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, nimesimama chini ya taa nyeupe za dukani, nikapiga kuta zote nne siku ile ile. Mchana ilipendeza. Jioni nikawasha taa, kuta zikageuka rangi ya bahasha kuukuu, na vigae vya sakafuni, ambavyo siku zote niliviona vya kijivu, ghafla vikaonekana vya zambarau. Mwenzangu akasimama mlangoni, akatazama huku na huku. "Tutazoea," akasema. Hatukuzoea. Baada ya miezi miwili nilinunua ndoo nyingine, na safari hiyo nilifuata utaratibu ninaouandika hapa.

Hatua ya 1: Anza na vile ambavyo hutavibadilisha

Funga kadi ya rangi kwanza. Ingia chumbani uhesabu vitu vitakavyobaki pale pale hata ukipaka rangi mara kumi: sakafu, vigae vya ukutani, kaunta ya mawe, kabati za kujengewa, milango ya mbao, sofa kubwa ambalo huna mpango wa kuliondoa. Hivyo ndivyo vinavyochagua rangi ya ukuta. Wewe unavisikiliza tu.

Chukua karatasi nyeupe ya kuchapia, iweke kando ya kila kimoja, mchana, taa zikiwa zimezimwa. Kigae cha beji kikiwa peke yake jicho husema "beji" na kuridhika. Likiona nyeupe pembeni yake linaanza kusema kweli: hiki kina uwaridi, kile kina ukijani, na mlango ule uliodhani ni wa kahawia una uchungwa mwingi. Andika unachokiona, maana ukifika dukani utasahau.

Jambo moja lishike mapema: beji yenye manjano haipatani na kigae chenye uwaridi. Kwa jina zote ni beji, lakini zikikutana kwenye kona moja ukuta unaonekana mgonjwa na sakafu inaonekana imeungua na jua. Sakafu ikiwa ya namna hiyo, ama sogea kwenye beji yenye chembe ya nyekundu, ama achana na dhahabu kabisa uchague rangi nyingine. Hakuna mto wala zulia litakalosuluhisha ugomvi huo.

Mbao zenye wekundu, kama mkangazi, hupendeza sana na beji ya dhahabu iliyopoa, isiyo na uchungwa. Mbao za manjano, kama msonobari, ndizo zenye mtihani. Zinakaribiana mno na ukuta, hadi hujui mlango unaishia wapi. Hapo tofautisha kwa uzito wa rangi: ukuta uwe mwepesi sana kuliko mbao, au uwe mzito kuliko mbao waziwazi. Katikati hapo usikae.

Hatua ya 2: Itafute rangi iliyojificha

Ndani ya ndoo ya beji kuna nyeupe nyingi, itokanayo na titani dioksidi, kisha mashine ya dukani huongeza matone ya rangi za kukolezea: ocha ya manjano, ambayo ni jamii ya kutu ya chuma, nyekundu ya ukoo huo huo, na nyeusi kidogo ya kuituliza. Uwiano wa matone hayo ndio tabia ya rangi. Nyekundu ikizidi, unapata beji inayoelekea pichi. Nyeusi ikizidi, na hapa wengi hushangaa, beji haiwi kijivu moja kwa moja. Inaanza kuwa kijani, kwa sababu manjano na nyeusi zikichanganywa huzaa rangi ya zeituni. Jaribu na rangi za maji za watoto: manjano ya kutosha, nyeusi tone moja, koroga. Ukishaliona hilo kwa macho yako utaelewa kwa nini beji fulani "tulivu" hugeuka ukijani kwenye chumba chenye kivuli.

Namna rahisi ya kuifichua: kwenye kadi yenye rangi zilizopangwa kutoka nyepesi hadi nzito, usiangalie ile nyepesi unayoipenda. Angalia ile nzito kabisa ya mwisho. Mara nyingi ndiyo inayokuonyesha ukoo. Ikiwa ya haradali, nyepesi yake itakuwa na manjano. Ikiwa ya zeituni, itakuwa na kijani. Ikiwa ya tofali, itakuwa na uchungwa au uwaridi. Kisha weka vikaratasi vinne au vitano vya beji tofauti pamoja juu ya karatasi nyeupe. Kimoja kikiwa peke yake ni beji tu. Vikiwa vitano, kila kimoja kinasema kinakotoka.

Baadhi ya kadi hutumia namba za mfumo wa NCS, na hizo zikisomwa vizuri zinafaa kuliko jina lolote tamu. Chukua S 1515-Y20R. Tarakimu mbili za kwanza, 15, ni kiasi cha weusi; mbili zinazofuata, 15 tena, ni ukolevu wa rangi; Y20R maana yake ni manjano iliyosogea asilimia 20 kuelekea nyekundu. Mimi beji ya dhahabu huitafuta kati ya Y10R na Y30R. Ukifika Y50R na kupita, unaanza kuingia kwenye pichi. Ukiona G90Y, hiyo ni manjano yenye kijani ndani yake. Ukolevu ukizidi 20, jiandae: ukuta wako hautakuwa beji, utakuwa manjano kabisa.

Namba nyingine ya kutafuta ni ile yenye herufi LRV, inayoonyesha mwanga kiasi gani unarudishwa na ukuta, kuanzia 0 ya weusi mtupu hadi 100 ya weupe mtupu. Kwa chumba cha kawaida napenda 55 hadi 65. Chini ya hapo chumba chenye dirisha moja kinaanza kuwa kizito. Juu ya 75 dhahabu inapotea, unabaki na krimu.

Hatua ya 3: Jua mwanga wa chumba unatoka wapi

Simama katikati ya chumba na ujue dirisha linatazama wapi. Dirisha la mashariki huleta mwanga wa joto asubuhi na wa baridi alasiri. La magharibi ni kinyume, na jua lake la saa 11 jioni lina uchungwa mwingi kiasi kwamba beji iliyokuwa tulivu mchana kutwa inaweza kuwaka ghafla. Mbali na ikweta upande wa kaskazini, dirisha la kaskazini hupata mwanga wa buluu wa angani karibu siku nzima, na la kusini hupata jua. Kusini mwa dunia mambo hugeuka. Karibu na ikweta yenyewe, tofauti ya kaskazini na kusini hubadilika na msimu, kwa hiyo zaidi tazama mashariki na magharibi.

Chumba chenye mwanga baridi huimeza dhahabu, kwa hiyo kinastahimili beji yenye manjano zaidi kidogo. Chumba kinachopigwa na jua kitaikoleza, kwa hiyo shuka ngazi moja.

Usisahau kilicho nje. Majani mengi dirishani huingiza kijani chumbani. Ukuta wa tofali nyekundu wa jirani huingiza wekundu. Niliwahi kupaka chumba cha mama mmoja ambaye alinifuata siku ya pili akilalamika. "Fundi, hii si rangi niliyochagua." "Mama, ndoo ni ile ile." "Basi njoo uone." Kweli, ukuta mmoja ulikuwa na ukijani uliokolea, mwingine hauna. Tukasogea dirishani: mti mkubwa, majani yamejaa hadi kwenye kioo. Tulipunguza matawi, si rangi.

Halafu taa. Kwenye kasha la balbu kuna namba inayoishia na K. Balbu ya 2700K hutoa mwanga wa manjano, nayo huongeza dhahabu juu ya dhahabu. Ya 6500K hutoa mwanga wa buluu unaoifanya beji ionekane imechoka, na ile yenye nyeusi nyingi inaonekana chafu. Kwa rangi hii mimi hutumia 3000K, au 2700K kama ukuta si mkolevu. Angalia pia namba ya CRI, inayoonyesha taa inazionyesha rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani: 90 na kuendelea ni nzuri. Chini ya 80 hata sofa utadhani limebadilishwa. Nunua balbu kabla ya rangi, kwa sababu sampuli utaipima kwa taa zile zile utakazoishi nazo.

Hatua ya 4: Paka sampuli, lakini si ukutani

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye kazi yote. Chagua rangi tatu tu. Ukizidisha hapo utachanganyikiwa, na ukichukua moja huna cha kulinganisha. Nunua kopo dogo la kila moja.

Usipake moja kwa moja ukutani juu ya rangi ya zamani. Jicho halioni rangi peke yake. Linaiona kwa kulinganisha na jirani yake. Jambo hili alilieleza vizuri Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina weusi wa kutosha. Akachunguza, akakuta dawa ya rangi haina kosa. Tatizo lilikuwa rangi za nyuzi zilizofumwa kando yake. Alichapisha kanuni zake mwaka 1839, na ukutani kwako bado zinafanya kazi. Sampuli ya beji iliyozungukwa na ukuta wa buluu wa zamani itaonekana ya manjano kuliko ilivyo, nawe utaikataa bure.

Kwa hiyo tumia ubao mwembamba au kadibodi nzito, angalau sentimita 60 kwa 60. Paka koti mbili kwa rola, uache ukingo mweupe wa sentimita 5 pande zote ili jicho lipate pa kupumzikia. Subiri ikauke kabisa; rangi ya maji ikiwa mbichi hudanganya, na nyingi huongezeka uzito zikikauka.

Sasa utembeze ubao. Uegemeze ukutani umesimama wima, maana ukuta haulali mezani. Uweke kando ya dirisha, kisha kwenye kona ya mbali kabisa na dirisha, kisha ushushe hadi uguse sakafu, kisha nyuma ya sofa, kisha kando ya fremu ya mlango. Uangalie saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni na usiku taa zikiwaka. Siku mbili zinatosha, moja ya jua na moja ya mawingu ukibahatika. Usiku ndio hunipa uamuzi, kwa sababu watu wengi hukaa sebuleni kwao usiku.

Kuna ujanja mmoja zaidi. Chukua mbao mbili za rangi moja uzitazamishe, zikutane kama kona ya kitabu kilichofunguliwa nusu. Angalia ndani ya kona. Utaona rangi imekolea kuliko kwenye ubao mmoja, kwa sababu kila upande unautupia mwenzake mwanga wa rangi ile ile. Hivyo ndivyo kuta nne zitakavyofanya. Ndiyo sababu ushauri wangu kwa beji ya dhahabu ni ule ule kila mara: ukibaki kati ya mbili, chukua ile inayoonekana kupooza kidogo kwenye ubao. Chumbani itaamka yenyewe.

Hatua ya 5: Chagua nyeupe ya dari na fremu

Hapa ndipo beji nyingi nzuri huharibiwa. Fundi ana nyeupe iliyobaki, ile yenye ubuluu, anaipiga darini, na ukuta wako wa dhahabu unageuka manjano ya kuchusha. Nyeupe ya buluu huisukuma beji kwenye manjano. Ukienda upande wa pili, ukaweka krimu iliyokolea kuliko ukuta, ukuta utaonekana wa kijivu na kama haujaoshwa. Unayoitaka ni nyeupe yenye joto kidogo, iliyo nyepesi waziwazi kuliko ukuta: LRV ya 80 hadi 88 hivi. Iweke kando ya ubao wako wa sampuli kabla ya kununua.

Kwa fremu na milango, kumbuka kwamba rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na huwahi zaidi mahali pasipofikiwa na mwanga, kama nyuma ya mlango au ndani ya kabati. Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao haina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 6: Rangi za kuisindikiza

Wengine wataanza na hesabu ya asilimia 60 ukuta, 30 fanicha, 10 mapambo. Si vibaya kwa anayeanza, lakini sijawahi kuona mtu akipima mto kwa asilimia. Nafuu ujue nani ni rafiki wa nani.

Buluu iko mkabala na familia ya uchungwa na manjano, kwa hiyo buluu ya bahari kuu, iliyopooza, huifanya beji ing'ae bila kupiga kelele. Pazia moja au zulia linatosha. Kijani cha zeituni na kijani cha majani makavu ni ndugu zake, hukaa naye kimya kimya. Rangi ya udongo uliochomwa na damu ya mzee huongeza joto, ila chumba kikiwa tayari na jua la magharibi vitakuwa vingi. Nyeusi kidogo, kwenye fremu za picha au miguu ya meza, huzuia chumba chote kuonekana kimelowekwa kwenye chai. Shaba ya manjano inapendeza; vyuma vyeupe vinavyong'aa vinakubalika pia, mradi visiwe vingi.

Cha kuepuka ni kijivu chenye uzambarau. Sofa la namna hiyo mbele ya beji ya dhahabu linafanya ukuta uonekane kama umevujiwa na maji. Kama sofa ndilo hilo na haliondoki, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 7: Mng'ao, kiasi, na kupaka

Rangi ile ile ikiwa haing'ai huonekana nyepesi na huficha mabonde ya plasta; ikiwa na mng'ao wa hariri huonekana nzito kidogo na huonyesha kila kovu, lakini huoshwa kirahisi. Sebule na vyumba vya kulala mimi huvipa isiyong'aa au yenye mng'ao hafifu. Korido, jikoni na vyumba vya watoto huvipa hariri. Sampuli ipake kwa mng'ao ule ule utakaotumia.

Kwa kiasi, pima. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye urefu wa mita 2.7 kwenda juu kina mzunguko wa mita 18, sawa na mita za mraba 48.6. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2, inabaki kama 43. Koti mbili ni 86. Ukuta laini uliokwisha kupakwa hutumia lita 1 kwa takriban mita za mraba 10, kwa hiyo unahitaji lita 8.6, nunua 10. Ukuta wa plasta yenye chembe hunywa zaidi.

Plasta mpya ya saruji iache siku 28 kabla ya kupaka. Saruji mbichi ina ukali wa alkali unaoweza kubabua rangi, na kwenye beji mabaka yake huonekana wazi. Ukipaka juu ya rangi nzito ya zamani, anza na praima nyeupe, yaani rangi ya kutangulizia. Viraka ulivyoziba kwa puti navyo vipakwe praima, vinginevyo vitanyonya rangi na kubaki madoa ya kufifia.

Makopo yote ya rangi ya ukuta yamwage kwenye ndoo moja kubwa, ukoroge pamoja. Makopo mawili yenye namba moja yanaweza kupishana kidogo sana, na kidogo hicho kikikutana katikati ya ukuta wa beji utakiona kila siku. Paka kona kwa brashi kisha upitishe rola ikiwa bado mbichi, ukuta mmoja hadi mwisho bila kupumzika katikati. Baada ya koti ya kwanza utaona mabaka na utaogopa. Usiamue lolote hapo. Ngoja koti ya pili ikauke, uwashe taa.

Inayobaki imimine kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, uandike juu yake kwa wino mzito namba ya rangi, aina ya mng'ao, chumba na tarehe. Utakapokuja kuziba tundu la msumari, paka kiraka kwa rola ndogo. Brashi huacha alama inayoonekana hata kama rangi imetoka kwenye chupa ile ile.